Suraiya Inayat, Mlinzi wa Mikono Wodi ya Njiti

Mchungaji, wazee wa kanisa, madaktari na manesi mliokuja na sare zenu kabla ya zamu, majirani wa mtaa huu wa Wakristo, nanyi majirani Waislamu mliovuka reli kuja kutufariji, mliokaa kwenye mikeka na mliosimama ukutani, familia ya marehemu inawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika. Anayewasomea ni Aftab Inayat, mdogo wake marehemu, mwalimu mkuu wa shule ya misheni hapa Jalalpura, na anasoma kwa sababu marehemu mwenyewe alimwagiza, akiwa na akili zake timamu, tarehe 2 Novemba mwaka huu. Kurasa ni nne. Asubuhi ya leo baadhi ya wanafamilia wamemwomba msomaji auruke ukurasa wa tatu, ambao hawajausoma ila wanajua unahusu nini, wakisema msibani si mahali pa kufukua mambo, naye amewasikia, amewaheshimu, na atausoma. Wenye simu wazizime.

Marehemu Suraiya alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, si 1963 kama kitambulisho chake kinavyodai, katika kijiji namba 148 kando ya mfereji, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Inayat Masih na Rahmat Bibi, ambao walikuwa vibarua wa kuvuna miwa na kusafisha mazizi ya mwenye ardhi. Watoto wawili wa katikati walikufa wachanga, mmoja wa siku sita na mwingine wa siku kumi na moja, na huyo wa pili alikatia roho kifuani kwa Suraiya, ambaye alikuwa na miaka mitano na alikuwa amefungiwa mtoto huyo kwa kitambaa ili mama aende kuokota kinyesi cha ng'ombe cha kuni. Suraiya aliendelea kumbembeleza mpaka mama aliporudi, kwa kuwa alidhani amelala. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akipita karibu na mtoto mchanga bila kusimama na kusikiliza kama anapumua.

Alianza masomo mwaka 1968 katika shule ya misheni ya wasichana, mwendo wa saa moja kwa miguu, akaenda miaka kumi bila kurudia darasa, akiwa na gilasi yake ya bati iliyofungwa kwa kamba kwenye begi, kwa sababu wenzake hawakunywa kwenye gilasi iliyoguswa na mdomo wa mtoto wa mfagiaji, na walimu walilijua hilo na kulifumbia macho. Nyumbani hakulalamika hata siku moja. Msomaji anaijua habari hii kwa kuwa alizaliwa miaka saba baada ya dada yake na ndiye aliyeirithi gilasi hiyo, pamoja na vitabu, sweta, na ada ambayo dada yake alianza kumlipia mara tu alipopata mshahara wa kwanza.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 alisomea uuguzi, na tarehe 1 Septemba 1983 aliajiriwa katika hospitali ya serikali ya mji huu wa Jalalpura, akiwa na miaka ishirini na moja. Tarehe 11 Novemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Yunas Bhatti, huyu aliyekaa mbele mwenye shali ya kahawia, mfanyakazi wa manispaa upande wa majitaka, kazi ya kushushwa shimoni kwa kamba bila kinga ya uso, na anayeijua harufu ya mashimo yale haulizi kwa nini watu wa kazi hiyo huwasha sigara kabla hata ya chai, maana moshi ndiyo kinga pekee waliyopewa. Jioni alikuwa na hukka, kile kiko cha maji alichoachiwa na baba yake, na wanaume wa mtaa walizoea kukizunguka wakiwa kwenye vitanda vya kamba. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Sharoon, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1988. Waliishi vyumba viwili, wakapendana bila makelele, na wasiotaka kuamini kwamba walipendana wawaulize waliopanga nao ukuta kwa ukuta.

Mwaka 1991 hospitali ilifungua wodi ya watoto njiti, mashine sita za joto na manesi wanne, na Suraiya alipelekwa huko, naye aliikuta pale kazi ambayo ni kama alikuwa akiitafuta tangu utoto. Aliweza kuupata mshipa kwenye mkono mwembamba kama kalamu, aliweza kumlisha kwa tone mtoto aliyeshindwa kunyonya, na usiku wa baridi alijua kwa kumgusa kisigino tu kwamba mtoto anapoteza joto. Lakini alichojulikana nacho zaidi ni mlango. Pale mlangoni palikuwa na bomba moja, na yeyote aliyetaka kumwona mwanawe, awe na cheo au hana, alivua shali na pete, akanawa kwa sabuni ya kufulia hadi kwenye viwiko, akasugua kucha kwa brashi dakika mbili kwa saa ya ukutani, kisha akamnyooshea Suraiya mikono yake, naye akaiinusa. Ikinuka tumbaku, mtu alirudi bombani. Wapo walionawa mara nne, na wapo walioondoka wakitukana, na waliobaki wakampa jina, Sista Pua, jina ambalo hata wakurugenzi wa hospitali walilitumia wakidhani halisikii.

Siku hizo hakuwa na utafiti wowote wa kuwaonyesha. Alichokuwa nacho ni pua na akili, akawaeleza akina baba kwamba sigara ikizimwa moshi hauendi popote, unakaa kwenye vidole, kwenye ndevu na kwenye shali, na kwamba mtoto wa kilo moja ana ngozi kama ganda la ndani la kitunguu na mapafu ambayo hayajamalizika kuumbwa, sasa hiyo sumu akiinyonya kwenye kidole cha baba yake aitoe wapi. Wengine walimwelewa. Wengine walijipaka spiriti, wakamwambia imeshakufa hiyo, naye akawauliza kama walishawahi kufua shati la mafuta kwa spiriti.

Mwaka 1996, mwezi Februari, alifika mwenye ardhi mmoja, jina lake leo halina haja kwa kuwa mwanawe yupo hapa na amekuja kwa heshima zote, akiwa na wafuasi sita, akataka kumshika mjukuu wake. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya manjano mpaka kwenye maungio. Suraiya alimwonyesha bomba. Yule mzee, ambaye nyumbani kwake kikombe kikiguswa na Mkristo kilivunjwa, alimuuliza, "Wewe, binti Inayat wa zizini, ndiye wa kuninusa mimi mikono?"

Suraiya alimjibu kwa jina la heshima la wenye ardhi, "Chaudhry sahibu, sikunusi wewe. Namnusa mtu anayekwenda kumshika mtoto wa kilo moja na robo."

Alinawa, tena mara mbili, na kesho yake barua ikatoka, Suraiya akapelekwa chumba cha kufulia mashuka kwa miezi mitatu. Alirudishwa wodini kwa sababu manesi wenzake walishindwa kupata mishipa ya watoto, si kwa sababu kuna aliyekiri kosa. Hakuwahi kuombwa radhi, naye hakusubiri kuombwa, akarudi mlangoni pake na saa yake ya ukutani.

Miaka kumi na minane ilipita hivyo. Mwaka 2014 alikuja Daktari Mahnoor Qazi, aliyepo hapa leo, akiwa ametoka masomoni, na alikuwa mtu wa kwanza mwenye shahada kumwambia Suraiya kwamba anachokifanya kina jina na kinachunguzwa duniani. Suraiya alifurahi mno, akafika nyumbani kwa mdogo wake na jilebi, vile vitafunio vya sukari, nusu kilo, akasema sasa watamsikiliza. Daktari alipangusa kwa pamba vidole vya watu sitini, akina baba, akina bibi, pamoja na manesi wote kumi na mmoja ambao hakuna hata mmoja anayevuta, akapeleka pamba hizo maabara ya Lahore, na majibu yakaja tarehe 2 Desemba 2014. Spiriti na dawa za kupaka zilikuwa hazijaondoa kitu cha maana. Sabuni na brashi zilipunguza sana, lakini hazikumaliza, na baada ya nusu saa vidole vya baadhi ya watu vilikuwa vimechafuka upya kutokana na nguo zao wenyewe. Na kati ya manesi kumi na mmoja, vidole vya Suraiya Inayat, ambaye hajawahi kutia sigara mdomoni, vilikuwa na nikotini nyingi kuliko vya baadhi ya akina baba aliowarudisha bombani.

Alikuwa akilala kwenye mfarishi wa Yunas, akipikia chini ya dari lililotiwa rangi na hukka, akikunja nguo zilizoanikwa kwenye moshi wa jirani, na pua yake ilikuwa imeishi humo tangu mwaka 1984, kwa hiyo moshi wa kwake ndio moshi pekee ambao haikuweza kuusikia. Aliisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaenda kuwaandikia wakubwa wa hospitali kwamba kuanzia siku hiyo hatamgusa mtoto. Daktari Mahnoor alimsihi, akamwambia kiasi kile baada ya sabuni ni kidogo, akamuuliza, "Sista, mikono hii imewatoa wangapi hapa wakiwa hai?"

"Hao nawajua, wananisalimia sokoni," Suraiya alimjibu. "Nitajie wale wengine. Nani alikufa kwa mapafu yake na nani alikufa kwa mkono wangu. Ukiweza kunitajia, kesho narudi."

Hakuna daktari duniani ambaye angeweza. Suraiya alibaki wodini, mlangoni, kwenye daftari na kwenye stoo, akiwaelekeza manesi vijana kwa mdomo, mikono ameifumbata nyuma. Nyumbani aliufua mfarishi, akapiga chokaa kuta, akamhamishia Yunas na hukka yake juu ya paa, na Yunas, ambaye alijaribu kuacha mara tatu na mara tatu shimo likamrudisha, alipanda paani bila kubisha. Baada ya wiki mbili chokaa ilikuwa na madoa ya manjano yaliyotoka ndani ya ukuta. Watu wazima wawili waliketi wakiutazama ukuta, na msomaji, aliyekuwa amewatembelea, alikunywa chai yake akasema kwamba jambo hili ni la subira.

Sasa ndio ukurasa wa tatu.

Sharoon alimwoa Anmol mwaka 2015, na baada ya mimba mbili kuharibika, tarehe 9 Januari 2018, saa nne asubuhi, Anmol alijifungua kwenye kitanda cha magurudumu kabla hajafikishwa leba, mimba ikiwa na wiki thelathini. Mtoto alitoka wa bluu na kimya. Hapakuwa na mtu mwingine karibu ila bibi yake, na Suraiya, ambaye alikuwa na miaka mitatu hajamgusa mtoto, alimdaka, akamfuta mdomo, akamsugua mgongo kwa nguvu mpaka akalia, ndipo akatazama mikono yake. Mtoto alikuwa na gramu elfu moja mia moja na hamsini, akapewa jina Nabil. Huo ndio ulikuwa mguso wa kwanza na wa mwisho wa bibi yake.

Kuanzia siku hiyo ukoo mzima uliishi kwa amri ya Suraiya. Anmol alilazwa palepale, akimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Sharoon, ambaye hana kilevi chochote, aliruhusiwa baada ya brashi. Yunas aliambiwa asivuke mlango, naye hakuvuka. Aliacha sigara siku hiyohiyo, akaitoa hukka nje ya nyumba, akakaa kwenye benchi la nje kila alipotoka shimoni na kuoga, akiuliza kila nesi aliyetoka kama mtoto amekula. Nabil aliongezeka. Kufikia siku ya kumi na nane alikuwa na gramu elfu moja mia tatu na tisini, na Suraiya alionekana akicheka mlangoni, jambo ambalo wenzake walikuwa wamelisahau.

Tatizo likawa ghutti. Mnajua wenyewe kwamba kwetu, Mkristo kwa Mwislamu, mtoto hulambishwa asali ya kwanza kwa kidole cha mtu mzima anayeheshimika ili achukue tabia yake, na mama yake Anmol alikuja kutoka kijijini akasema wazi kwamba mtoto anayekaa kwenye kioo bila ghutti amefungiwa mlango wa dunia, ndiyo maana haponi haraka. Akina mama wote wa ukoo wakawa upande wake, na Anmol, aliyekwisha kupoteza wawili, akaanza kulia usiku na mchana. Suraiya alikataa asali katakata, wiki nzima, kisha akalegea nusu, akasema kama ni lazima basi liwe tone moja la maziwa ya mama yake mwenyewe, kwa kidole kilichooshwa, na daktari akaridhia. Likabaki swali la kidole cha nani. Cha Suraiya hapana, alikataa kabla hajatajwa. Cha Yunas hapana. Mchungaji alikuwa na kikohozi. Ndipo Suraiya akasema kwamba kati ya wazee wa ukoo huu mkono safi ni mmoja, wa mdogo wake Aftab, mwalimu mkuu, aliyesimama kanisani Pasaka ya mwaka 2009 na kutangaza mbele ya watu wote kwamba ameachana na tumbaku.

Waliokuwepo Pasaka hiyo wanakumbuka. Walipiga makofi. Kilichokuwa hakijulikani kwa mtu yeyote, na kinachosomwa leo kwa mara ya kwanza, ni kwamba Aftab Inayat alirudia sigara mwezi Agosti 2011, mbili kwa siku, nyuma ya hoteli ya chai ya stendi ambako hakuna mzazi wa mwanafunzi anayefika, na kwamba alisugua vidole kwa ndimu na kutafuna iliki, na akaendelea kuombwa na kanisa kuwapa vijana mawaidha kuhusu tumbaku, naye akawapa.

Mliokaa mbele mtulie. Bado kuna ukurasa mmoja.

Tarehe 28 Januari 2018 ilikuwa Jumapili. Aftab alivuta sigara moja kabla ya ibada, kisha baada ya ibada akaenda hospitali amevaa koti safi. Angeweza kusema ana mafua. Angeweza kusema lolote. Suraiya alimnawisha yeye mwenyewe, sabuni na brashi, kucha moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akimnawisha utotoni kabla ya shule, na alikuwa na furaha, akimtania kwamba mtoto akichukua tabia yake nyumba itajaa chaki. Kisha akainua mikono ile puani, akakaa nayo muda mrefu, akaishusha.

"Pua yangu siiamini tena, Aftab," alisema. "Niambie wewe. Umevuta?"

"Sijavuta, dada. Tangu ile Pasaka."

Akamfungulia mlango. Tone la maziwa liliwekwa kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na Nabil, ambaye hakuwa amewahi kunyonya kwa nguvu, alikikamata kidole kile na kukinyonya mpaka manesi wakacheka, Anmol akacheka, na Suraiya akashangilia nyuma ya kioo. Aftab hakukichomoa mara moja. Aliona fahari.

Siku ya pili usiku mtoto alianza kusahau kupumua. Siku ya nne alirudishwa kwenye oksijeni, siku ya saba mapafu yalionekana meupe kwenye picha, na tarehe 8 Februari 2018, saa tisa alasiri, Nabil Sharoon alifariki dunia akiwa na siku thelathini. Daktari Mahnoor alisema ni maambukizi ya mapafu kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akasema watoto wa namna hiyo hufa hata wakiwa wameguswa na malaika, na hiyo ni kweli, na msomaji amejishikiza kwenye maneno hayo kwa miaka sita na miezi tisa. Hakuna aliyesema ni kidole, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na cha kusema.

Watu walitafuta wa kumlaumu na hawakwenda mbali. Yunas, aliyekaa siku thelathini bila sigara, alipoambiwa kwamba mjukuu amekufa alivuka barabara, akanunua pakiti, akavuta akisubiri mwili utolewe, na wote tukamwona. Makaburini, Sharoon alimwambia mbele ya watu, "Baba, hata siku arobaini za mtoto zimekushinda?" Mwalimu Aftab alimshika shemeji yake bega, akamwambia ajikaze kiume, akaongoza sala.

Suraiya yeye hakupiga kelele. Alijihukumu kwa ule mguso wa siku ya kwanza, akamhukumu Yunas kwa moshi wa nyumba, akahamia kwa Sharoon mwezi uliofuata, na hakulala tena chini ya dari moja na mumewe. Yunas aliishi peke yake kwenye vile vyumba viwili. Aftab aliwatembelea wote wawili, Jumatano huku na Ijumaa kule, akala kwao, akawapa ushauri, akasifiwa kwa kuiunganisha familia.

Marehemu alistaafu tarehe 13 Machi 2023, na siku ya kuagwa alikataa kupiga picha akiwa amembeba mtoto wa wodini, kama ilivyo desturi. Mwezi uliofuata alianza kukohoa, na tarehe 5 Juni 2023 aliambiwa ana saratani ya mapafu. Daktari bingwa aliyempima alimuuliza amevuta sigara miaka mingapi. Alifanyiwa matibabu mara sita, akapata nafuu ya miezi minne, kisha maji yakajaa kifuani.

Tarehe 2 Novemba mwaka huu alimwita mdogo wake, akamtajia tarehe hizi zote bila kukosea hata moja, na walipofika kwa Nabil alisema iandikwe kwamba bibi yake alimshika siku aliyozaliwa, kwa mikono isiyofaa, watu wajue. Akasema, "Andika kweli tupu. Nimekuchagua kwa sababu wewe husemi uongo." Aftab alikaa pale tangu saa saba mchana mpaka saa kumi. Hakuna mgeni aliyeingia, hakuna nesi aliyewakatiza, marehemu alikuwa macho na maumivu yalikuwa yametulia, wala Aftab hawezi kumsingizia mtu kwamba alikosa nafasi. Aliandika alichoambiwa.

Tarehe 10 Novemba aliomba aletewe Yunas. Yunas alinawa kwenye bomba la uani muda mrefu sana, akaingia, akabaki mlangoni mpaka alipoitwa karibu. Marehemu akamwambia, "Moshi ulikuwa wa nyumba yetu, baba Sharoon. Mimi nimekusamehe. Na wewe nisamehe mkono wangu." Na Yunas, ambaye hakuwa na kosa, alisema ahsante. Msomaji alikuwa amekaa kwenye kiti kilichokuwa dirishani, hatua tatu kutoka kwao.

Suraiya Inayat alifariki dunia jana, Jumanne tarehe 19 Novemba 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwa mwanawe, akiwa na miaka sitini na miwili. Ameacha mume, mtoto mmoja, mkwe mmoja na mdogo wake.

Familia inamshukuru Daktari Mahnoor Qazi na madaktari wa wodi ya saratani, inawashukuru manesi wa wodi ya njiti ambao jana walimwosha marehemu wao wenyewe bila kumruhusu mtu mwingine, inawashukuru majirani kwa wali, mikeka na kuni, inamshukuru Mchungaji, inawashukuru wafanyakazi wa manispaa waliochimba kaburi tangu alfajiri katika ukungu huu wa moshi na kukataa malipo. Asanteni sana, hatuna cha kuwalipa.

Hapa ukurasa wa nne umekwisha, na yanayofuata sikuyaandika.

Anmol, Sharoon, kidole kile kilikuwa changu, na nilikuwa nimevuta. Kama ndicho kilichomuua mtoto wenu sijui, na sitajua, na ninyi pia hamtajua, hilo ndilo nililowarithisha. Shemeji Yunas, siku thelathini zile ulikuwa huvuti, mimi nilijua, harufu yako niliijua, nikakaa kimya, ukapoteza mke miaka sita ukiwa na mke. Sikuombi unisamehe hapa mbele za watu, maana utasema ndiyo, ndivyo ulivyo. Na aliyepaswa kuulizwa wa kwanza yumo ndani ya sanduku hili, ameingia humo akiamini ni mikono yake.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo mdogo wako angeweza kukupa kwa neno moja ukiwa hai, na hakukupa.